Uliza Fundi: Taa za kuua vijidudu vya TB hewani

Toleo lililopita nilikuwa nikieleza mashine za oksijeni, nikataja kwa mstari mmoja tu zile taa za mionzi zinazofungwa juu ukutani kwenye kliniki za kifua kikuu. Mstari huo umeniletea meseji nyingi kuliko oksijeni yenyewe. Basi leo ukurasa wote ni wa taa. Kwa mgeni: mimi ni fundi wa vifaa tiba, mwaka wa 22 kazini, zaidi Tanga na Kilimanjaro. Si daktari. Swali la dawa likinizidi nitakwambia uende kliniki.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni matroni wa shule ya bweni ya wasichana, mkoani Tanga. Muhula huu wanafunzi wetu wawili wamegundulika na TB. Mzazi mmoja, Mungu ambariki, ametununulia taa sita za UV kutoka Kariakoo. Ni tyubu kama za kawaida, zina rimoti na saa ya kujizima zenyewe. Muuzaji amemwambia tuziwashe usiku watoto wakiwa wamelala, maana ndipo wanapokoholeana. Mkuu wa shule anataka zifungwe wiki hii. Mimi moyo unasita.

Marahaba mwanangu. Moyo umesita mahali pake. Hizo taa zisiwashwe hata usiku mmoja watoto wakiwa ndani.

Nieleze kwa nini, ili na mkuu wa shule apate kusoma. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba au akicheka, hutoa vitone vidogo mno. Vikubwa vinaanguka chini, vidogo vinakauka hewani na kubaki chembe ambazo hata kudondoka haziwezi. Zinaelea saa nyingi, chumba kizima, na anayezivuta ndiye anayeambukizwa. Mionzi ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, inaharibu vinasaba vya kijidudu hicho hata kisiweze kuzaliana tena. Kijidudu kisichozaliana hakina ugonjwa wa kuleta. Hapo muuzaji hakudanganya.

Lakini mionzi hiyo haichagui. Inachoma macho na ngozi ya binadamu vilevile. Tyubu tupu ya wati 30, ukisimama mita moja mbele yake, kiwango kinachoruhusiwa kwa siku nzima ya kazi ya saa 8 unakimaliza kwa dakika moja hivi. Sasa fikiria binti aliyelala chali saa 8 usiku kucha, uso juu, tyubu iko darini. Asubuhi utakuwa na bweni zima la watoto wanaolia macho, uso mwekundu kama wamechomwa na jua la baharini.

Taa inayoruhusiwa kuwaka watu wakiwemo chumbani ni ya namna nyingine kabisa. Ni sanduku la bati linalofungwa ukutani, chini yake pasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Ndani kuna tyubu, na mbele kuna vibati vyembamba vilivyopangwa kama vibao vya dirisha la luva, vikiulazimisha mwanga uende kwa ulalo juu ya vichwa vya watu. Usawa wa macho karibu hakuna kitu. Hewa yenye vijidudu ndiyo inayopanda juu, inaoshwa huko, kisha inashuka. Kwa hiyo lazima dari iwe juu vya kutosha, mita 2.5 na zaidi, na hewa iwe inazunguka. Chumba ambacho hewa imetulia, taa itaosha hewa ileile ya juu mchana kutwa na ya chini itabaki na uchafu wake.

Utaniuliza, basi tutafute hizo za sanduku? Kwa bweni lako, hapana. Una vitanda vya deka, sivyo? Godoro la juu liko kama mita 1.5 kutoka chini. Binti akikaa kitako kufunga kilemba, kichwa kimefika mita 2.3, kiko katikati ya mionzi. Taa hizi zilibuniwa kwa vyumba ambavyo watu wamekaa kwenye benchi au wamelala vitanda vya kawaida. Mahali watu wanapolala ghorofani hazifai, hata ziwe za bei gani.

Haya, kipi kinafaa? Nenda bwenini saa 5 usiku, baada ya taa kuzimwa, uhesabu madirisha yaliyo wazi. Nimelifanya hilo shule tatu za bweni na jibu limekuwa lilelile: sifuri, au moja ambalo kioo chake kilivunjika. Yanafungwa kwa sababu ya mbu, baridi na wezi, nazo ni sababu za kweli. Kwa hiyo zijibu moja moja. Nondo na wavu wa mbu vifungwe kwenye fremu ili dirisha likiwa wazi pasipite mtu wala mbu. Juu ya dirisha, karibu na dari, tobolewe matundu ya hewa pande zote mbili za jengo, yasiyozibika. Na kama ukarabati ulileta yale madirisha ya alumini ya kusukuma, jua kwamba nusu ya dirisha haifunguki kamwe, maana kioo kimoja kinasimama nyuma ya kingine. Mahali dirisha la zamani la mbao lilitoa mita mraba mbili za upenyo, hilo jipya la kupendeza linatoa moja. Mimi ninayachukia, na simfichi mtu.

Kisha wale wote waliolala chumba kimoja na wagonjwa wapimwe. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ndiye wa kumpigia simu, na kama umeshampigia mpigie tena. Hao wawili wakimeza dawa sawasawa, daktari ndiye atakayesema lini warudi bwenini. Si muda mrefu kama wazazi wanavyodhani. Wakirudi msiwatengee vikombe.

Mzazi mshukuruni kwa moyo wake, na risiti kama ipo taa zirudi dukani. Ikishindikana, zifungieni stoo na maandishi makubwa. Msizitupe jalalani, ndani ya kila tyubu mna zebaki.

Mwanangu fundi, mimi ni mzee wa miaka 78, Moshi, nilikuwa mhudumu wa wodi za kifua kikuu. Enzi zetu wodi zilikuwa na madirisha marefu na veranda, mgonjwa anatolewa juani asubuhi. Hatukuwa na taa yoyote. Hii taa ni sayansi au ni biashara ya watu?

Shikamoo mzee wangu. Ni vyote viwili, ila sayansi ilitangulia kitambo.

Mnyama aliyetoa ushahidi ni simbilisi, wale wadogo wasio na mkia wanaofugwa hata Iringa. Simbilisi akivuta vijidudu vya TB vichache tu anaambukizwa, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha hewa kuliko mashine nyingi nilizowahi kushika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Baltimore, Marekani, mtafiti William Wells na mwanafunzi wake Richard Riley walichukua wodi ya vitanda sita vya wagonjwa wa TB, wakavuta hewa yake kwa bomba mpaka chumba cha juu kilichojaa simbilisi. Simbilisi wakaambukizwa mmoja baada ya mwingine, bila kumgusa mgonjwa, bila kula sahani moja naye. Kundi la pili walipewa hewa ya wodi hiyohiyo, ila bombani iliangazwa mionzi kwanza. Hao wakasalimika. Hapo ndipo dunia ilipokubali kwa ushahidi kwamba TB husafiri hewani.

Ila hiyo ilikuwa mionzi ndani ya bomba. Taa za chumbani zilipimwa baadaye kwa njia hiyohiyo. Lima, Peru, walifanya siku 535, wakawasha taa siku moja na kuzima siku ya pili. Simbilisi waliovuta hewa ya siku zisizo na taa, asilimia 35 waliambukizwa. Waliovuta hewa ya siku za taa, asilimia 9.5. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Afrika Kusini, mji wa eMalahleni, kwenye wodi ya TB sugu, taa zikiwa na feni ya kuchanganya hewa zilipunguza maambukizi kwa asilimia 80 hivi. Hiyo ni 2015, na humo ndimo kilimotoka kipimo tunachotumia mafundi hadi leo, nitakitaja chini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaziweka taa hizi kwenye mwongozo wake, kwa masharti.

Lakini mzee, sikia hili uwaambie wajukuu. Lima hiyohiyo, miaka miwili kabla ya matokeo ya taa, walipima hewa ya hospitali. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kuvuta hewa vilibadilisha hewa mara 12 kwa saa. Wodi za kawaida, madirisha na milango ikiwa wazi, mara 28. Na majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa kama ya kwako, mara 40. Walioyajenga majengo yale hawakuwa na kipimo hata kimoja, walikuwa na hofu ya TB tu, wakajenga vizuri kuliko sisi wenye vipimo. Wodi nyingi kama hizo nimeziona zimewekewa dari ya jipsamu kushusha kimo na madirisha kuzibwa ili kiyoyozi kisipoteze baridi. Kisha watu wale wale ndio wananipigia kuuliza bei ya taa.

Jua nalo halikuwa imani tupu. Linaua vijidudu vya TB, ingawa mionzi mikali kama ya taa zetu haifiki ardhini, inazuiwa na ozoni huko juu. Niels Finsen, daktari wa Denmark, alipewa Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu TB ya ngozi kwa mwanga.

Habari ya kazi, fundi. Mimi ni muuguzi, kituo cha afya pwani ya Lindi. Mradi ulitufungia taa tatu za UV mwaka 2019: mbili chumba cha kusubiria, moja chumba cha kutolea makohozi. Mradi uliisha. Taa zinawaka hadi leo saa za kazi, rangi ya buluu hafifu, hazijawahi kuharibika. Kuna haja ya kuzigusa?

Nzuri, dada muuguzi. Ipo haja, na mapema.

Hiyo buluu unayoiona siyo mionzi inayofanya kazi. Mionzi yenyewe haionekani. Ule ni mwanga wa pembeni tu, nao unaendelea miaka baada ya nguvu ya kuua kwisha. Tyubu hizi zina umri wa saa 9,000 hivi. Mkiwasha saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 3,120 kwa mwaka. Mwaka wa tatu ulipoisha tyubu zenu ziliishiwa. Tangu hapo mmekuwa na mapambo ya buluu yanayokula Luku.

Hata kabla ya kuishiwa, vumbi linazimaliza. Vumbi jembamba usilolihisi kwa kidole linakula sehemu kubwa ya mionzi. Kila baada ya miezi mitatu, kwenu barabarani kwenye vumbi kila mwezi, zima taa, ng'oa waya, subiri zipoe, vaa glavu, futa tyubu kwa kitambaa kisichochambuka chenye spiriti. Usitumie maji ya sabuni. Usishike kioo kwa mkono mtupu, mafuta ya vidole yanaacha alama. Huku ukifuta, andika tarehe kwa kalamu ya maka kwenye sanduku lenyewe, siyo kwenye daftari. Daftari huwa zinahama na mtu aliyehamishwa.

Kabla ya kuzima, nataka nikusimulie kisa changu. Hospitali moja, jina lake libaki kwangu, waliniita kwa sababu wauguzi watatu wa kliniki walikuwa wakiamka usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Daktari wa macho alikuwa ameshawapa dawa ya mzio mara mbili. Taa zilikuwa nzuri, zimefungwa kwa kimo sahihi, nilizifunga mwenyewe. Nilizunguka na kipimo cha mionzi nimekishika usawa wa macho, kila benchi kinasoma chini ya maikrowati 0.2 kwa sentimita mraba, ambayo ndiyo ruhusa ya mtu kukaa saa 8. Nilipofika meza ya kuandikisha, namba ikaruka mara kumi. Nikainua macho. Mwezi uliopita walikuwa wamefungiwa kiyoyozi, na fundi wake kapitisha bomba lililoviringishwa karatasi ya alumini mbele kabisa ya taa. Alumini ni kioo kwa mionzi hii. Ulalo wote ulikuwa unagonga pale na kushuka kwenye meza ya wauguzi.

Kwa hasira nikapanda ngazi kuangalia pembe ya bomba, na swichi sikuzima. Dakika mbili, pengine tatu. Jioni nilikuwa mzima. Saa 8 usiku nikaamka siwezi kufumbua macho, machozi yanachuruzika, kila kope ikigonga ni kama msasa. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanalijua jambo hili, ndilo hilohilo la kutazama cheche bila kioo. Liliisha siku ya pili. Mume wangu aliniongoza chooni kwa mkono, na mpaka leo akiona ngazi ananiuliza kama nimezima.

Kwa hiyo, dada: mtu yeyote anayepanda juu ya mita mbili ndani ya chumba hicho, awe mpaka rangi, fundi umeme au anayefuta utando wa buibui, swichi izimwe na ibandikwe karatasi. Na kila kitu kipya kinachofungwa juu kipimwe upya.

Sasa hewa. Mna feni? Pangaboi lizunguke polepole muda wote taa ikiwaka. Bila hilo siihesabu kuwa taa hata ikiwa mpya. Kingine ni unyevu, na hapa sisi wa pwani tuna kilio chetu. Mionzi hii inapoteza nguvu hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 au 70. Asubuhi za masika kipimo changu cha unyevu hapa Tanga kinasoma 80 na kuzidi. Sisemi mzizime, nasema musizitegemee peke yake. Mwezi wa nne dirisha lenu lina kazi kubwa kuliko taa.

Kipimo nilichoahidi ni hiki: kwa kila mita ya ujazo ya chumba, milliwati 15 hadi 20 za mionzi inayotoka kwenye sanduku. Chumba cha mita 8 kwa 6, dari mita 3, ni mita za ujazo 144. Kinataka wati 2.2 hadi 2.9 za mionzi. Angalia vizuri, siyo wati zilizoandikwa kwenye tyubu. Vile vibati vya luva vinameza sehemu kubwa, sanduku lenye tyubu ya wati 30 linaweza kutoa mionzi isiyofika hata wati moja. Mfanyabiashara anayekutajia wati za umeme tu na hajui za mionzi, mpe chai aende. Umeme wenyewe si ghali: wati 30 saa 10 kwa siku ni uniti 9 kwa mwezi wa siku 30.

Halafu hicho chumba cha kutolea makohozi. Kifungeni. Mgonjwa akakohoe nje, nyuma ya jengo, mbali na dirisha, chini ya mwembe kama mnao, na mwacheni peke yake asione haya.

Hujambo bi fundi. Nina kibanda cha M-Pesa Mombasa, nina ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia. Wateja wengi wanakohoa. Nikiiacha ikiwaka kutwa itanikinga?

Sijambo ndugu yangu. Haitakukinga. Hiyo ni nanomita 365 hivi, ya kuua ni 254. Ya saluni ya kukaushia kucha nayo ni jamaa yake, usihangaike nayo pia. Toboa dirisha la pili nyuma ya kibanda, upepo upite ukitoka kwako kwenda kwa mteja.

Dada, tunaishi chumba kimoja Ilala. Mume wangu, seremala, ameanza dozi ya TB wiki tatu sasa. Tuna watoto wa miaka 3 na 9. Kuna mtu anataka kuniuzia taa ya UV laki moja na nusu. Nimeanza kukopa kwenye kikoba.

Pole mdogo wangu. Rudisha hela ya kikoba.

Mume akimeza dawa kila siku, na dawa zikiwa zinazolingana na kijidudu chake, uambukizaji unashuka haraka sana, mapema kuliko kikohozi chenyewe. Siku hatari zaidi kwenu zilikuwa zile kabla hajapimwa. Kwa hiyo taa ungeinunua kwa ajili ya siku zilizopita, na kwenye chumba kimoja chenye dari fupi ingewachoma watoto.

Watoto wawili nenda nao kliniki anapochukulia dawa, kesho. Huyo wa miaka 3 ndiye ninayemfikiria zaidi. Wapimwe, na wakionekana hawana ugonjwa waulizie vidonge vya kinga. Kupima ni bure, dawa ni bure. Dozi ya mume ni miezi sita, na mwezi wa pili atanenepa, atarudi kwenye randa na kusema amepona. Hapo ndipo uwe mkali.

Sahani, kikombe na kijiko mvitumie pamoja kama zamani, TB haikai humo. Usimlalie mbali kwa kumnyanyapaa. Mpaka kliniki watakapokuambia vinginevyo, kitanda chake kiwe karibu na dirisha, na dirisha liwe wazi usiku, chandarua kikiwa kimeshuka. Mchana akae nje kibarazani.

Na lile pazia zito la maua ambalo kila chumba cha Ilala ninachoingia kinalo, lishushe, lifue, likunje sandukuni mpaka amalize dozi.